Fedha au Uhasibu? Jibu kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa BCom

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti, niko mwaka wa pili wa BCom (shahada ya biashara) hapa Dar es Salaam, nyumbani ni Tanga. Muhula ujao tunachagua mchepuo. Moyo wangu uko kwenye Fedha, ila baba anataka nichukue Uhasibu. Anasema mhasibu anahitajika kila ofisi, na mtu wa Fedha asiye na CPA, kile cheti cha mhasibu wa kitaaluma, ataishia kusajili laini za simu. Kidato cha sita nilisoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu), na BAM, ile hisabati ya msingi, nilipata C, kwa hiyo hisabati siyo kipaji changu. Tena mimi ni Mwislamu na suala la riba linanisumbua. Je, nichague nini, na nikichagua Fedha nisome vipi ili nisije kukaa nyumbani na cheti?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na jibu lenyewe, sababu zifuate. Chagua Fedha, lakini soma uhasibu kwa bidii ileile ambayo ungeisoma kama ungekuwa upande wa baba. Nimefanya kazi ya mikopo benki kwa miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha, na vijana wa Fedha niliowaona wakikwama kazini hawakukwamishwa na hisabati. Walikwama kwa sababu hawakuweza kusoma mizania, ile taarifa inayoonyesha mali na madeni ya biashara.

Baba yako ana hoja, na usiipuuze. Mwaka 1972 Tanzania ilitunga sheria ya kusajili wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na sheria hiyo ndiyo iliyounda NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Tangu hapo uhasibu una lango linalolindwa kisheria. Kuna mitihani, kuna daftari la waliosajiliwa, kuna kazi ambazo asiyesajiliwa haruhusiwi kuzifanya. Tangazo la ajira likiandika CPA, kila mtu anajua linataka nini. Fedha haina lango la namna hiyo. Anayetoka Uhasibu anaweza kuingia idara ya mikopo, anayetoka Uchumi pia, hata mhandisi anaingia, na huwa anafanya vizuri. Shahada yako peke yake haitamfungia mtu yeyote nje. Kwa hiyo mwajiri atataka kuona unaweza kufanya nini, na ni wewe utakayepaswa kumwonyesha. Karibu yote nitakayokushauri hapa yanatoka kwenye jambo hilo moja.

Kwanza tuangalie Fedha yenyewe ni nini, maana wengi huichagua kwa kuvutiwa na jina. Mhasibu anaandika na kupanga kilichotokea ili mtu mwingine akiamini. Mtu wa Fedha anachukua maandishi hayo, anatazama mbele na kuuliza: fedha hii ikiingia hapa, itarudi lini, itarudi kiasi gani, na isiporudi nani ataumia? Njia nzuri ya kujua kama somo hili ni lako ni kulifanyia kazi. Chukua kalamu tufanye hesabu tatu.

Ya kwanza ni mkopo. Mtu amekopa 1,000,000 kwa miezi 12, ameambiwa riba ni asilimia 18 kwa mwaka. Afisa anapiga asilimia 18 ya milioni yote, anapata 180,000, anaijumlisha kwenye deni na kugawa kwa 12. Rejesho ni 98,333 kila mwezi. Mkopaji anasaini akiamini amekopa kwa asilimia 18. Sasa fikiri alipofika mwezi wa sita. Kila mwezi ameshapunguza sehemu ya deni, na mtaji ambao bado yuko nao mkononi ni takriban 540,000, lakini rejesho lake bado linabeba riba ya milioni nzima. Ukitafuta kiwango kinachofanya marejesho yale 12 yawe na thamani ya milioni moja leo, utapata kama asilimia 2.64 kwa mwezi, yaani karibu asilimia 32 kwa mwaka. Kama riba ileile ya asilimia 18 ingehesabiwa juu ya salio linalopungua, rejesho lingekuwa 91,680 na riba yote ya mwaka ingekuwa kama 100,160. Tofauti ya karibu elfu themanini imejificha kwenye jambo moja ndani ya mkataba: riba inahesabiwa juu ya mkopo wote au juu ya salio.

Hapo hakuna hisabati ya kutisha. Kuna vipeo, kugawanya, na uvumilivu wa kujaribu kiwango kimoja baada ya kingine mpaka kikubali, kazi ambayo Excel huifanya mara moja. C yako ya BAM inatosha. Jambo la kujiuliza ni hili: ulipoona asilimia 18 imegeuka 32, ulitaka kujua imekuwaje, au ulitaka tuendelee? Kama ulitaka kujua, una kitu ambacho darasa haliwezi kumpa mtu. Mikopo ambayo mitaani watu wameipa jina la kausha damu inaishi kwa sababu wakopaji wengi, wakiwemo watu waliosoma, hawajawahi kuonyeshwa hesabu hii. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 iliwapanga watoa huduma hao katika madaraja manne chini ya usimamizi wa Benki Kuu, lakini sheria haiwezi kupiga hesabu kwa niaba ya mkopaji.

Hesabu ya pili iko Kariakoo. Mfanyabiashara wa jumla anauza mzigo wa milioni 20 kwa mwezi, yeye ameununua kwa milioni 16, taslimu. Wateja wake ni wenye maduka ya mikoani, anawapa mali kauli, wanalipa baada ya siku 60. Kwenye daftari ana faida ya milioni 4 kila mwezi. Miezi miwili ya kwanza anatoa milioni 32 mfukoni kabla hajaona hata shilingi. Mwezi wa tatu malipo ya mwezi wa kwanza yanaingia, milioni 20, na biashara imenoga, oda zimekuwa mara mbili. Anahitaji mzigo wa milioni 32. Anazo 20. Mwezi wa nne hali ni hiyohiyo, zinapungua tena 12. Faida yake kwenye daftari imepanda kutoka milioni 4 hadi 8 kwa mwezi, na wakati huohuo anatafuta milioni 24 asijue azitoe wapi.

Nimewaona watu kama huyu wakija benki wamechanganyikiwa, wanasema "biashara inakwenda vizuri lakini hela siioni," wakishuku kwamba kijana wa dukani anaiba. Hakuna aliyeiba. Biashara inayokua inameza fedha, na kadiri inavyokua haraka ndivyo inavyomeza zaidi. Mhasibu mzuri atamwonyesha faida yake na wadaiwa wake kwa usahihi. Wewe wa Fedha utatakiwa umwambie mapema, kabla hajakubali zile oda, kwamba atapungukiwa na milioni 24, na umtafutie njia: apunguze siku za kudai, aombe muda kwa anayemuuzia, akope mkopo wa muda mfupi, au akatae nusu ya oda. Kila njia ina gharama yake, na kazi yako ni kuzipima. Kozi yako itaita hii usimamizi wa mtaji wa kuendeshea biashara, na wanafunzi wengi huipita haraka wakikimbilia hisa. Ningekuwa na uwezo, ningeifanya iwe muhula mzima, kwa sababu biashara nyingi za kwetu hufa hapa.

Ya tatu inahusu hatifungani za serikali, yaani hati ambazo serikali hutoa inapokopa, ikilipa riba mpaka muda wake uishe. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kwa mara ya kwanza hatifungani ya miaka 25, riba yake asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka uliofuata hatifungani mpya za miaka 25 zilikuja na riba ya asilimia 12.56. Jiweke mahali pa mtu aliyenunua ile ya kwanza. Karatasi yake inalipa zaidi ya zote zinazotolewa mwaka huo, kwa hiyo akitaka kuiuza hataiuza kwa bei aliyonunulia. Ukirudisha malipo yake yote ya baadaye kwenye thamani ya leo kwa kutumia asilimia 12.56, kila shilingi 100 ya karatasi ile inakuwa na thamani ya takriban 125. Riba ya soko ikishuka, bei ya hatifungani ya zamani inapanda. Ikipanda, bei inashuka.

Wanafunzi huikariri kanuni hii na kuiandika kwenye mtihani bila kuona uzito wake. Mwezi Machi 2023, huko Marekani, Silicon Valley Bank ilianguka kwa sababu ya kanuni hii. Ilikuwa imeweka fedha nyingi za wateja kwenye hatifungani za muda mrefu wakati riba iko chini. Riba ikapanda, bei za hatifungani zikashuka, benki ikalazimika kuuza karatasi za dola bilioni 21 na kupata hasara ya dola bilioni 1.8. Wateja waliposikia, kwa siku moja wakaomba kutoa dola bilioni 42. Karatasi zenyewe zilikuwa salama kabisa, na kila senti ingelipwa siku yake ikifika. Tatizo ni kwamba wenye fedha hawakutaka kusubiri hiyo siku. Utakapofundishwa ukwasi, yaani uwezo wa kupata taslimu pale inapohitajika, ukumbuke hili.

Sasa ajira. Ondoa kichwani picha ya kijana wa Fedha aliyekaa mbele ya skrini tatu akiuza hisa. Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) lilianza kuuza na kununua mwaka 1998 likiwa na kampuni moja, TOL, na mpaka leo kampuni zilizoorodheshwa hazifiki 30. Kampuni za madalali wa hisa ni chache, na kila moja ina watu wachache. Nairobi ni tofauti kidogo. Soko lao lipo tangu 1954, lina kampuni zaidi ya 60, na kuna wasimamizi wa mifuko ya uwekezaji wanaoajiri wachambuzi, ndiyo maana KASNEB, bodi ya Kenya ya mitihani ya uhasibu na fedha, ina mtihani wake maalumu wa wachambuzi wa uwekezaji na fedha, ule wa CIFA. Kwetu Tanzania, anayesoma Fedha kwa ajili ya soko la hisa peke yake anapigania viti vichache mno.

Kazi nyingi ziko mahali ambapo hapasifiwi sana. Ziko kwenye idara za mikopo za benki na za taasisi ndogo za fedha. Ziko kwenye SACCOS, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, ambazo nyingi zina fedha za wanachama na hazina mtu wa kuzipangia. Ziko kwenye idara za hazina za benki, wanakoamua kila asubuhi fedha ngapi zibaki taslimu na ngapi ziwekwe wapi, na kazi hiyo imebadilika tangu Januari 2024, Benki Kuu ilipoanza kutumia riba yake rasmi, ya kwanza ikiwa asilimia 5.5, kama chombo chake kikuu cha kuongoza uchumi. Ziko kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii ya NSSF na PSSSF, kwenye kampuni za bima, UTT AMIS yenye mifuko ya pamoja (ambamo watu wengi huchanga fedha zikawekezwa kwa niaba yao) tangu 2005, kwenye kampuni za simu ambako miamala imekuwa biashara kubwa, na kwenye viwanda na kampuni za usafirishaji ambako mtu mmoja anapanga bajeti, anaongea na benki na kukimbizana na wadaiwa. Nafasi hii ya mwisho mara nyingi huitwa "mhasibu" kwenye tangazo. Usiogope jina. Omba.

Ndiyo maana nasisitiza uhasibu. Nilipokuwa nasaili waombaji wa idara ya mikopo, nilikuwa nampa kila mmoja karatasi moja yenye mizania na taarifa ya mapato ya kampuni isiyo na jina, dakika ishirini, na swali moja: ungeikopesha? Karibu wote waliweza kutaja uwiano wa mali za muda mfupi na madeni ya muda mfupi na kuukokotoa bila kosa. Wachache waligundua kwamba bidhaa ghalani zilikuwa zimeongezeka mara mbili wakati mauzo hayajasogea, kwa hiyo uwiano uleule waliousifu ulikuwa umejazwa na mali isiyouzika. Waliogundua walikuwa wamezoea kusoma hesabu za kampuni za kweli. Mikopo chechefu (isiyorejeshwa) mingi huanza pale ambapo mtu amekokotoa sawasawa na hakuangalia.

Kwa hiyo, kwenye masomo ya hiari, chukua uhasibu wa kati, kodi, na ukaguzi wa hesabu ukiruhusiwa. Kwenye masomo ya lazima ya mchepuo, yatakayokusumbua kidogo ni ekonometria (takwimu za uchumi) na uchambuzi wa uwekezaji. Mengine ni ya kusoma na kuelewa. Jiunge na kundi la kusoma mapema, usisubiri wiki ya mtihani, na kila hesabu ya darasani irudie kwenye Excel kwa mkono wako mwenyewe. Wengi huandika kwenye wasifu wao kwamba wanaijua Excel, lakini ukiwaomba watengeneze jedwali la marejesho ya mkopo kuanzia karatasi tupu, wanakwama.

Kisha kuna kazi moja ambayo hakuna mwalimu atakayekupa, nami naiona ni muhimu kuliko GPA ya muhula mmoja. Chagua kampuni moja iliyoorodheshwa, tuseme Twiga Cement. Pakua taarifa zake za mwaka za miaka mitano. Namba zote muhimu ziingize kwenye Excel mwenyewe, usinakili jedwali la mtu. Halafu uliza maswali ya kawaida: mwaka faida ilipopanda, ilipanda kwa sababu waliuza mifuko mingi zaidi, waliongeza bei, au gharama za nishati zilishuka? Fedha taslimu ilifuata faida au iliachwa nyuma? Gawio lilitoka kwenye fedha gani? Andika kurasa mbili kwa Kiswahili au Kiingereza, zenye msimamo: ningenunua kwa bei hii au nisingenunua, na sababu. Ukimaliza, fanya benki moja, maana benki zinatakiwa kuchapisha hesabu zao kila robo mwaka kwenye magazeti, na hesabu za benki husomwa tofauti na za kiwanda.

Kwa kuwa unatoka Tanga, kuna kitu kingine cha kwenu. Februari 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani (ya kugharamia miradi inayofaa mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5, ikaorodheshwa Dar es Salaam. Mamlaka ya maji imekwenda moja kwa moja kwa wawekezaji kutafuta fedha za kupanua mtandao wa maji. Soma waraka wake wa matarajio, ule unaowaeleza wawekezaji kuhusu hatifungani hiyo. Jiulize marejesho yatatoka wapi: bili za maji za nani, bei inapangwa na nani, na maji yanayopotea njiani yanapunguza nini. Ukiweza kumweleza baba yako jinsi bili anayolipa nyumbani inavyohusiana na mwekezaji aliyeko Dar es Salaam, nadhani mazungumzo yenu kuhusu mchepuo yatakuwa mepesi. Na umwambie pia kwamba hukatai CPA. Hilo ndilo linalomtia hofu, na ana haki ya kulisikia kutoka kwako.

Kuhusu riba. Hukumu ya dini mpelekee shehe unayemwamini, mimi nitazungumzia upande wa taaluma. Kuijua hesabu ya riba ni jambo moja, kuila au kuitoza ni jingine, na darasani utafundishwa kuijua. Bila kuijua huwezi hata kutambua mkataba ulioivisha riba jina lingine. Pia fedha za Kiislamu kwetu zimeshakuwa sehemu ya soko. Amana Bank ilianza Tanzania mwaka 2011 ikifuata sharia kikamilifu. Kenya ilitangulia, Gulf African Bank na First Community Bank zikianza mwaka 2008. Benki kadhaa za kawaida zina madirisha ya Kiislamu, na KCB Tanzania ilitoa sukuk, hati za uwekezaji zinazofuata sharia, mwaka 2022. Katika murabaha benki inanunua bidhaa na kumuuzia mteja kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, katika musharaka wanachangia mtaji na kugawana faida na hasara, katika ijara benki inamiliki mali na kuikodisha. Kila mkataba hapo unahitaji mtu wa kupima mteja, kukadiria hatari, kupanga malipo. Wanaoelewa fiqhi ya biashara wapo, wanaoelewa Fedha wapo, walio na vyote viwili ni wachache. Kama dini ndiyo inakusukuma, hapo kuna njia pana, na ingenifurahisha sana kumwona binti wa Tanga akiipita.

Vyeti vya kitaaluma nitavipanga kwa upendeleo wangu. Kama utabaki Tanzania, anza na CPA. Nenda ofisi za NBAA na orodha ya masomo yako ukiwa bado chuoni, ujue ngazi utakayoanzia, maana masomo uliyosoma ndiyo huamua, na somo moja la uhasibu uliloliacha kwa uvivu linaweza kukurudisha nyuma. Ukiingia benki, mitihani ya Taasisi ya Mabenki inasaidia, na mwajiri huweza kuilipia. CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ni taaluma nzito na nzuri kwa anayetaka kusimamia uwekezaji. Ina ngazi tatu, mwanafunzi anaruhusiwa kufanya ngazi ya kwanza akiwa amebakiza miezi isiyozidi 23 kumaliza shahada, lakini ada ya ngazi moja inapita dola 900, na cheti chenyewe hukipati bila saa 4,000 za kazi inayohusika. Mtu anayeishi kwa bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, asijifunge deni kwa ajili yake. Isubiri mshahara wako wa kwanza, na kumbuka kwamba kwenye mshahara huo asilimia 15 itakwenda kurejesha mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kama uliupata.

Nikuonye juu ya jambo moja, na naliandika kwa uchungu kwa sababu nimewaona wanafunzi wazuri wakipotelea humo. Ukishachagua Fedha, utaanza kualikwa kwenye makundi ya forex na ya "uwekezaji" unaolipa kila wiki. Watakuambia mtu wa Fedha asiyefanya biashara ya sarafu kwenye simu hajui kitu. Mwaka 2009 maelfu ya Watanzania walipoteza fedha kwenye upatu wa DECI, na waliopanda mbegu mle, kama walivyoita kuweka fedha, walikuwemo walimu na watumishi wa serikali. Tumia hesabu uliyojifunza: ukiahidiwa kurudishiwa mara mbili ndani ya miezi michache, uliza ni biashara gani duniani inayozalisha hivyo, na kwa nini mwenye nayo anahitaji bumu lako. Ukitaka kujifunza soko, DSE huendesha shindano la wanafunzi wa vyuo la kununua na kuuza hisa kwa fedha za kufikirika. Humo utakosea bila kuumia. Na ukiwa na akiba kidogo ya kweli, nunua hisa chache au vipande vya mfuko wa pamoja. Kiasi kisikupe taabu. Unachotaka ni kuona gawio likiingia na taarifa ya mwaka ikikufikia kama mwenye mali.

Imebaki fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, na hapa wengi huchagua kwa fahari. Wanatafuta makao makuu ya benki kubwa, wanapokelewa, na wiki zote wanazimaliza wakipanga mafaili na kupiga fotokopi. Wewe nenda Tanga, utafute SACCOS au taasisi ndogo ya fedha yenye watu wachache. Omba jambo moja tu: umfuate afisa mikopo anapokwenda kumtembelea mkopaji. Utamwona akihesabu magunia ghalani, akiuliza majirani, akilinganisha daftari la mauzo na miamala ya simu. Utaona pia jinsi anavyozungumza na mama aliyechelewesha rejesho kwa sababu mtoto amelazwa, na utajifunza kutofautisha asiyeweza na asiyetaka. Baada ya ziara chache, omba ruhusa uandike mchanganuo wako wa mkopaji mmoja, sambamba na wa afisa, kisha mlinganishe. Barua ya kuomba nafasi ipeleke mwenyewe, kwa mkono, miezi kadhaa kabla ya fildi, na uiambatanishe na zile kurasa mbili za Twiga.